Kadi Mbili za Mama Mmoja: Kifafa na Uzazi Kasulu na Kibondo

Mwanamke mwenye kifafa anayeishi Makere wilayani Kasulu, au Mabamba kule Kibondo mpakani na Burundi, akipata ujauzito anakuwa mtu wa kliniki mbili. Ya kwanza ni ya wajawazito, na hiyo ipo hadi kwenye zahanati za vijijini. Ya pili ni ya afya ya akili, maana ndiko kifafa kinakotibiwa katika hospitali nyingi za Tanzania, na hiyo humlazimu apande bodaboda kwenda mjini kwa siku maalumu. Kwenye ya kwanza anapimwa uzito, presha, mkojo na wingi wa damu, kisha anapewa vidonge vya kuongeza damu na vya kuzuia malaria. Kwenye ya pili anahesabiwa vidonge vyake vya fenobabitoni vya kumfikisha mwezi ujao. Kila upande una kadi yake, na kila upande unamwona nusu.

Ninachokitetea hapa ni kwamba sehemu kubwa ya mateso ya wanawake hawa inatoka kwenye pengo lililo kati ya kadi hizo mbili, kuliko inavyotoka kwenye kifafa au kwenye mimba. Dawa za kifafa ni za bei ndogo na ni za miaka mingi. Wakunga wapo. Maarifa ya namna ya kumvusha salama yameandikwa na yanajulikana. Anayekosekana ni mhudumu mmoja anayemwangalia mama huyo akiwa mzima, pamoja na mazingira yanayomruhusu aseme bila hofu kwamba huwa anaanguka.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu 80 kati ya kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi 70 kati ya 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa sahihi kila siku, lakini katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawaipati tiba hiyo. Hapa nchini, utafiti wa Ulanga uliochapishwa mwaka 1992 na Dkt. Rwiza na wenzake ulikuta watu 10 wenye kifafa kati ya kila 1,000, huku vijiji vingine vikizidi hapo kwa mbali. Utafiti wa Hai, Kilimanjaro, uliofanyika miaka 20 baadaye, ulikuta takriban 3 kati ya 1,000. Kigoma, mkoa wenye wilaya za Kasulu na Kibondo, ina visababishi vyake. Upimaji wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliuweka mkoa huu juu kuliko mingine yote: karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne wenye umri chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Mtoto aliyepona malaria ya ubongo anaweza kubaki na kovu litakaloleta kifafa miaka kadhaa mbele. Ng'ambo ya mpaka, huko Kiremba kaskazini mwa Burundi, watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba minyoo ya tegu wa nguruwe ni chanzo kikubwa cha kifafa. Ongeza homa ya uti wa mgongo, majeraha ya kichwa, na watoto wanaochelewa kulia baada ya kuzaliwa kwa sababu walikosa hewa njiani.

Hicho cha mwisho nakitaja kwa makusudi. Leba ngumu iliyokosa msaada huacha mtoto mwenye ubongo ulioumia, na mtoto huyo akiwa wa kike huenda akaingia leba yake mwenyewe miaka 20 baadaye akiwa na kifafa. Anayewekeza kwenye wodi ya wazazi ya Kibondo leo anapunguza pia wagonjwa wa kliniki ya kifafa ya kizazi kijacho.

Sasa twende kwenye ndoa, kwa kuwa kwa mwanamke wa vijijini safari ya mimba huanzia huko, na siri nayo huanzia huko. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, wilayani Ulanga, karibu mwaka 1960, aliandika kwa miaka mingi jinsi wagonjwa wake walivyokuwa wakila peke yao, wakilala peke yao, na wengine wakiachwa waungue motoni kwa kuwa aliyewaona aliogopa kuwagusa. Yeye na Watanzania wenzake waliwahoji wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 huko Ulanga, wakachapisha majibu mwaka 1993. Kati ya kila 10, wanne waliamini kwamba kifafa huambukizwa, kwa pumzi, kwa mate, kwa kushirikiana chakula, hata kwa mgonjwa kujamba. Hao walikuwa watu wa Ulanga, wala si Waha wa Kasulu, na miaka imepita. Lakini hofu ya povu la mgonjwa haijaisha katika nchi hii, na anayelea binti mwenye kifafa anaijua vizuri. Mchumba anapokuja, wazazi wanakuwa na njia mbili: waseme na mahari iyeyuke, au wanyamaze na binti aende na siri yake.

Sheria yetu nayo inawasukuma kwenye kunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, inaruhusu mahakama kubatilisha ndoa iwapo mmoja wa wanandoa, wakati wa kufunga ndoa, alikuwa akipatwa mara kwa mara na wazimu au kifafa. Maneno hayo yanafuata sheria ya ndoa ya Uingereza ya mwaka 1937, ambayo Waingereza wenyewe walishaibadilisha. India, iliyorithi kifungu cha namna hiyohiyo, ilikiondoa kifafa kwenye sheria yake ya ndoa za Wahindu mwaka 1999. Sisi tumejadiliana kwa nguvu kuhusu umri wa kuolewa, hasa baada ya kesi ya Rebeca Gyumi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 na kuthibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, na mjadala ule ulistahili. Habari ya kifafa haikupata msemaji. Huenda wanandoa wachache sana wa Kibondo wamewahi kukisoma kifungu cha 39. Hata hivyo kinasema kwa sauti ya dola kile ambacho mashangazi husema jikoni: kwamba kifafa ni kasoro inayotosha kumrudisha mke kwao. Kiondolewe.

Matokeo ya siri hiyo yanaonekana siku ya kwanza ya kliniki. Wanawake huhimizwa kuja na waume zao kwenye hudhurio la kwanza ili wapimwe pamoja virusi vya UKIMWI, na zahanati nyingi huwahudumia mapema wanaokuja wawili. Ni utaratibu mwema. Kwa mke ambaye mumewe hajui kwamba yeye humeza dawa za kifafa, unageuka kuwa mtego. Muuguzi anauliza, mume amekaa pembeni: una ugonjwa wowote wa muda mrefu? Jibu ni hapana, na kadi ya wajawazito inajazwa hapana. Tangu saa hiyo mama huyo, kwa wodi ya wazazi, hana kifafa, hadi atakapoanguka.

Wengine hawana cha kumficha mume ila wana cha kukificha kwenye kliniki ya akili. Wanaacha dawa. Wanaziacha kwa upendo, wakiamini kwamba zitamharibu mtoto, na mara nyingi jirani au mama mkwe ameunga mkono. Hofu hiyo haikutoka hewani, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa ukweli kamili badala ya kukemewa.

Ukweli ni huu. Katika mimba za wanawake wote, watoto wapatao 2 au 3 kati ya 100 huzaliwa na hitilafu kubwa ya maumbile. Rejista ya kimataifa ya EURAP, iliyokusanya habari za mimba kutoka nchi zaidi ya 40, ilitoa hesabu zake mwaka 2018: kwa mama anayetumia fenobabitoni pekee au fenitoini pekee ni kati ya 6 na 7 kwa 100, kwa kabamazepini ni kati ya 5 na 6, na kwa valproeti ni 10. Lamotrijini na levetirasetamu ziko chini ya 3, karibu sawa na kwa mama asiyetumia dawa yoyote. Valproeti ina ubaya mwingine: watoto 30 hadi 40 kati ya 100 waliokuwa tumboni wakati mama akiitumia huchelewa kukua kiakili, kusema au kutembea. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wanawake walio katika umri wa kuzaa wasipewe valproeti, na wasichanganyiwe dawa mbili tatu ikiwa moja inatosha. Jambo hili halisubiri mimba. Msichana wa miaka 15 anayeandikiwa valproeti leo kwenye kliniki ya akili ndiye mjamzito wa miaka michache ijayo, na anayemwandikia anapaswa kumwona hivyo.

Kwa mama wa Kasulu anayetumia fenobabitoni, maana ya hesabu hizo ni kwamba zaidi ya watoto 90 kati ya 100 watazaliwa bila hitilafu. Upande wa pili wa mizani kuna kuacha dawa ghafla. Fenobabitoni ikikatishwa, mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuingia kwenye kifafa kisichokatika, degedege moja ikifuata nyingine bila fahamu kurudi, na hapo mama na mtoto wote wanakosa hewa. Jilek-Aall na Rwiza walifuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge kwa miaka 30; walipochapisha mwaka 1992, wawili kati ya kila watatu walikuwa wamekufa, na miongoni mwa vilivyowaua ni kifafa kisichokatika, kuzama majini na kuungua. Hata Marekani, yenye kila kifaa, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha vifo 80 kwa kila wanawake 100,000 wenye kifafa waliolazwa kujifungua, dhidi ya 6 kwa wasio na kifafa. Ukiniuliza kipi cha kuogopwa zaidi kati ya kidonge na kukiacha, jibu langu ni kukiacha. Mama akitaka kubadilisha dawa, abadilishe pamoja na daktari, na kabla ya kushika mimba.

Neno hilo, kabla, ndilo lililo gumu zaidi katika milima hii. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Valproeti huongeza hatari hiyo waziwazi, na kabamazepini kidogo. Foliki asidi huipunguza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mwanamke mwenye kifafa aliye katika umri wa kuzaa apewe foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku. Vidonge vya damu vya kliniki ya wajawazito vina kipimo kidogo sana kuliko hicho, tena wanawake wengi huvipata mimba ikiwa imekwisha kuvuka miezi mitatu. Serikali iliagiza mwaka 2011 unga wa viwandani uongezwe virutubisho, foliki asidi ikiwemo, lakini ugali wa Heru Juu kule Kasulu hutoka kwenye mashine ya kijijini, mahindi au muhogo wa shambani kwa mtu, na hapo hakiongezwi kitu. Kilichopo ni maharage, ambayo namshukuru Mungu Kasulu hayakosekani. Yana folati, ila hayafikishi kipimo anachohitaji mama huyu.

Halafu kuna malaria, na hapa kadi mbili zinagongana kabisa. Mjamzito wa Kigoma hupewa SP, vidonge vya kuzuia malaria, kuanzia wiki ya 13, akivimeza mbele ya muuguzi. SP hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foliki asidi. Mama akiwa anameza miligramu 5 za foliki kila siku, anajilisha mwenyewe na kimelea pia, na SP inapoteza makali. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba kipimo hicho kikubwa kisitolewe pamoja na SP. Mhudumu wa kifafa akisoma mwongozo wake anatoa miligramu 5. Muuguzi wa wajawazito akisoma wake anatoa SP. Kila mmoja yuko sahihi chumbani kwake. Suluhisho lipo na halina gharama: kipimo kikubwa kitumike kabla ya mimba na katika wiki 12 za mwanzo, ambapo SP haitolewi, kisha kishuke hadi kile cha kawaida SP inapoanza. Dawa hizi zikipangwa kwa wakati hazigongani. Zinagongana kwa kuwa wanaozitoa hawajaonana.

Uzazi wa mpango una hadithi ya aina hiyo, na nadhani ndiyo isiyosimuliwa kabisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta Kanda ya Magharibi, yaani Kigoma na Tabora, ikiwa na wastani wa watoto 6.7 kwa mwanamke, dhidi ya 5.2 kwa taifa. Vijiti vya mkononi vimepokelewa vizuri na wanawake wanaotaka kupumzika. Lakini fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hulichochea ini livunje haraka homoni zilizomo kwenye kijiti na kwenye vidonge vya majira. Mwanamke mwenye kifafa aliyewekewa kijiti na kuambiwa amekingwa kwa miaka mitatu au mitano anaweza kushika mimba akiwa nacho. Mume anashangaa, mke anashangaa, na muuguzi anaandika kwamba njia imeshindwa. Njia haikushindwa yenyewe. Aliyeiweka hakujua kuhusu vidonge. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi havina tatizo hilo. Mimba nyingi ambazo zingepaswa kupangwa kwa sababu ya kifafa zinakuja bila kupangwa kwa sababu ya dawa za kifafa, na mama anazipokea akiwa na dawa hizohizo damuni.

Mimba ikishaingia, wengi hawazidiwi. Katika takwimu za EURAP, wawili kati ya watatu hawakuanguka hata mara moja miezi yote tisa. Hao walikuwa na dawa kila siku. Kwa mama wa Kibondo mambo matatu huivuruga dozi: kutapika kwa miezi ya mwanzo, damu na maji ya mwili kuongezeka hadi dawa ileile inakuwa nyepesi, na njia. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, kidonge kimetoka. Dawa ikipungua nguvu mwilini, dozi huenda ikahitaji kupandishwa, na wa kuipandisha yuko mjini. Na njia ni ile ya udongo mwekundu unaotelezesha pikipiki masika. Barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu imeleta nafuu kubwa kwa walio kandokando yake. Vijiji vya ndani bado vinapanga safari kwa kuangalia mawingu. Nauli ya kwenda kuchukua vidonge vya mwezi inaweza kuizidi mbali bei ya vidonge vyenyewe. Kumpa mjamzito mwenye hali tulivu vidonge vya miezi miwili au mitatu kwa mkupuo ni uamuzi wa kiutawala tu, maana tumeuona ukifanyika kwa wanaotumia dawa za UKIMWI.

Hakuna anayempunguzia mama huyu kazi kwa sababu ya kifafa, tena tumbo lake linamfanya anguko liwe baya zaidi. Anapika kwenye mafiga, anachota maji mtoni, anaamka usiku kwa ajili ya watoto wengine, na kukosa usingizi ni kichocheo kimojawapo kikubwa cha kifafa. Nashauri familia yoyote yenye mama wa namna hii impangie mtu wa kuwa naye jikoni na mtoni, hata akiwa mtoto mkubwa wa shule.

Kisha kuna miezi ya mwisho, na ugonjwa mwingine ambao Waswahili wameupa jina linalofanana: kifafa cha mimba. Huo hutokana na presha ya ujauzito, huja baada ya wiki ya 20, huambatana na protini kwenye mkojo, na unaweza kumpata mama ambaye hajaanguka maishani mwake. Tiba yake ya kwanza ni magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 1995 ulithibitisha kuwa inazuia degedege kurudi vizuri zaidi kuliko diazepamu au fenitoini, na mtoto huhitaji kutolewa. Kifafa cha siku zote hutulizwa kwa diazepamu, na mimba inaendelea.

Kuchanganya hayo mawili kunaumiza pande zote. Mama mwenye kifafa cha siku zote, ambaye siri yake haimo kwenye kadi, akianguka mwezi wa nane anaweza kuzalishwa kabla ya wakati bila sababu. Hatari ya upande wa pili ndiyo inayonitisha zaidi. Kijiji kizima kinajua kwamba fulani huanguka. Safari hii anaanguka kwa presha, kichwa kilikuwa kikimuuma tangu jana na macho yanaona giza, lakini watu wa nyumbani wanasema ni ugonjwa wake ule, atazinduka. Wanasubiri. Kuwa na kifafa hakumkingi mtu na kifafa cha mimba. Kanuni ya kufuata ni nyepesi: mjamzito yeyote aliyevuka miezi mitano akianguka, apelekwe kituoni, apimwe presha na mkojo, na kama haijulikani wazi kwamba ni kifafa chake cha siku zote, atibiwe kama mwenye kifafa cha mimba.

Kuhusu kujifungua, Kigoma ina sababu ya kujivunia, na isingekuwa haki kuandika malalamiko peke yake. Kuanzia mwaka 2006 mkoa huu ulikuwa mmoja wa mikoa ya mradi wa Thamini Uhai uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, uliovifanya vituo vya afya vya vijijini viweze kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto, mikononi mwa madaktari wasaidizi waliofunzwa kazi hiyo. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka, kwa hesabu za kitaifa, kutoka 556 kwa vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016 hadi 104 katika ule wa 2022. Kuna usafiri wa dharura wa m-mama, unaoitwa kwa kupiga 115 bure. Kuna hospitali za wilaya, na Kabanga ya Wakatoliki kule Kasulu iliyopokea vizazi na vizazi vya Waha.

Mama mwenye kifafa anahitaji kujifungulia mahali penye huduma hizo. Hahitaji upasuaji kwa sababu ya kifafa; anaweza kusukuma kama mwingine yeyote. Hatari ya kuanguka wakati wa uchungu, kwa anayemeza dawa zake, ni 1 au 2 kati ya 100, na saa 24 zinazofuata zina hatari ya kiasi hichohicho. Kinachoipandisha ni njaa, kiu, uchovu, usiku bila usingizi, na dozi iliyorukwa. Hiyo ya mwisho hutokea kirahisi: mama amefika wodini na kikapu chenye khanga, beseni na wembe, vidonge vimebaki nyumbani chini ya godoro, na wodini hakuna aliyeuliza.

Hapa ndipo jaribio moja la Kigoma linanipa matumaini. Kati ya mwaka 2016 na 2018, Thamini Uhai ilianzisha katika vituo vya serikali mkoani humu utaratibu wa mama kuwa na mwenzi wakati wa kujifungua, ama mtu aliyemchagua mwenyewe ama mwanamke wa eneo hilo aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Wanawake waliupenda. Lengo lilikuwa faraja na heshima kwa mama yeyote, lakini mwenye kifafa ndiye anayeuhitaji kuliko wote, kwa kuwa hapaswi kuachwa peke yake hata dakika chache, kitandani wala bafuni. Mwenzi anayejua kwamba mama huyu huanguka, anayejua kumlaza ubavu, kutomtia kijiko mdomoni, na kuita muuguzi degedege ikipita dakika tano, ni msaada mkubwa kwa wodi yenye mkunga mmoja wa zamu ya usiku.

Kambi za wakimbizi nazo zina la kufundisha. Nyarugusu ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipomiminika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu kambi 90 katika nchi 15 ulionyesha kwamba, kati ya magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu yanayopelekwa kwenye zahanati za kambini, kifafa ndicho kilichoongoza. Wasimamizi wa afya wa kambi wakalazimika kukichukulia kifafa kama kazi ya kila siku ya zahanati, jirani na chumba cha wazazi. Vijiji vinavyozizunguka kambi hizo vinastahili mpangilio uleule.

Baada ya kujifungua, mama huambiwa maneno mengi, na mengine ni ya kumnyang'anya mtoto. Kwamba maziwa yake yana kifafa. Hayana. Dawa hupita kidogo kwenye maziwa, na kwa fenobabitoni mtoto anaweza kuwa mzito wa usingizi, hivyo aangaliwe kama ananyonya vizuri na kuongezeka uzito, lakini anyonyeshwe. Apewe sindano ya vitamini K ya miligramu 1 anapozaliwa, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kupunguza uwezo wa damu yake kuganda. Kama dozi ya mama ilipandishwa wakati wa mimba, iangaliwe upya wiki za mwanzo. Anyonyeshe akiwa amekaa chini mkekani, amwogeshe mtoto akiwa na mtu au kwa beseni lenye maji kidogo, asimbebe mgongoni akiwa kwenye moto. Bibi akubali kumbembeleza mtoto sehemu ya usiku ili mama alale saa kadhaa mfululizo. Usingizi huo ni sehemu ya tiba. Na wanaouliza kama mtoto atarithi: watoto wengi sana wa akina mama wenye kifafa hawapati kifafa kamwe.

Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa miaka kumi, hadi 2031, wa kuongeza huduma za kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu. Mipango ya namna hiyo hufika Kibondo kama karatasi isipopata mtu wa kuishusha. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa waganga wakuu wa halmashauri za Kasulu na Kibondo, na kwa waganga wafawidhi wa zahanati zao. Mjamzito apewe dakika chache na muuguzi akiwa peke yake, mume akiwa nje, aulizwe kwa lugha ya nyumbani: umewahi kuanguka ukapoteza fahamu, na kuna dawa yoyote unayomeza? Jibu liandikwe kwenye kadi ya wajawazito pamoja na jina la dawa na kipimo chake, na mhudumu wa kliniki ya akili aandike kwenye kadi yake wiki za mimba. Kila msichana anayechukua dawa za kifafa aulizwe kama anapanga kuzaa na anatumia njia gani. Kwa hayo hahitajiki mfadhili wala jengo jipya, na yanaweza kuanza kliniki ijayo.